Barua ya wazi kwa viongozi wa miji ya kando ya maziwa: tuambieni mapema, na mtuambie kwa Kiswahili pia

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Serikali za Mitaa. Kwa wenyeviti wa wilaya, mameya, masipika na madiwani. Kwa makarani wa miji, machifu wa gombolola (sehemu ya wilaya) na wa muluka (sehemu ya gombolola), popote Uganda inapogusa ziwa.

Waheshimiwa,

Nawaandikia kuhusu habari za serikali zenu, jinsi zinavyotufikia na jinsi zinavyotupita sisi tunaoishi mwaloni, pale boti za uvuvi zinapofikia nchi kavu. Ombi langu ni moja. Jambo lolote la baraza linalogusa ziwa na watu wake tulisikie likiwa bado linajadiliwa, tulisikie pale tunapofanyia kazi, na tulisikie kwa Kiswahili pamoja na lugha nyingine za mahali.

Uganda haina bahari, lakini ina pwani ndefu. Ukianzia Majanji kule Busia ukafuata Ziwa Victoria, utapita Masese ya Jinja, Katosi, Ggaba na Entebbe mpaka Kasensero karibu na Tanzania, na majini kuna visiwa vya Buvuma na Kalangala. Ziwa Albert lina Ntoroko, Butiaba, Wanseko na Panyimur. Ziwa Edward lina Katwe, na Kyoga ina myalo yake mingi. Watu wa sehemu hizi humfuata samaki. Msimu mmoja wako hapa, msimu mwingine wamehamia kisiwani, na boti moja inaweza kubeba Msamia, Mjaluo, Msoga na Muganda. Upande wa Albert ongeza Mwaluri, Mgungu na Mkongomani. Muulizeni yeyote kati yao ni lugha gani hutumika usiku, upepo unapogeuka na wavu uko majini. Ni Kiswahili. Pengine hakina ngeli zote anazofundisha mwalimu darasani, lakini kinabeba bei, deni, hali ya hewa, ugonjwa na matanga.

Mimi nilizaliwa Walukuba, Jinja, mtaa wa wafanyakazi uliokua miaka ile ya bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954, na ya viwanda vilivyofuata umeme wake. Wazazi wetu walitoka kila upande, wengine Kenya, wengine kaskazini, na uani tuliitana kwa Kiswahili. Matangazo ya maji kukatwa, ya mazishi, ya mpira wa Jumapili, yote yalipita kwa lugha hiyo, na sikumbuki mtu aliyesema hakuelewa. Leo nakausha na kuuza mukene, dagaa wetu, katika mwalo wa wilaya nyingine. Kwa kuwa nilifika sekondari, majirani huniletea karatasi za serikali niwasomee. Karibu kila mara karatasi inanifikia jambo likiwa limekwisha kuamuliwa.

Nitawapa mfano mmoja, na baraza linalohusika sitalitaja, kwa sababu najua hali hii iko katika mabaraza mengi. Jirani yangu mmoja, mama anayeuza chapati na samaki wa kukaanga, aliamka akakuta alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa kibanda chake. Alifurahi. Alidhani wamehesabu nyumba kwa ajili ya vyandarua, kwa maana vyandarua vilikuwa vimetajwa tajwa. Alipoambiwa kwamba X ile ni ya kubomoa, trekta lilikuwa limekwisha kufika mwisho wa barabara. Tangazo lilikuwepo, sikatai. Lilibandikwa ndani ya ofisi ya mji, kwenye ubao wenye kioo, kwa Kiingereza cha kisheria, na kutoka mwaloni mpaka pale ni nauli ya bodaboda ambayo mtu halipi bila sababu. Mama yule hakupata nafasi ya kuhamisha hata jiko lake la udongo.

Kanuni yenyewe sina ugomvi nayo. Tangu mwaka 2000 kanuni za mazingira zinataka mita 200 kutoka ukingo wa maziwa makubwa ziachwe bila majengo, na sababu yake naiona kila mvua inaponyesha: mafunjo na majani ya ufukweni ndiyo yanayozuia taka na matope ya mji yasiingie samaki wanakozalia. Mwaka 2020 ziwa lilipopanda likameza nyumba, vyoo na mabanda ya samaki, wengi wetu tuliielewa mita 200 kwa macho yetu. Ninacholalamikia ni kwamba uamuzi wa kubomoa ulipita katika kikao cha baraza, na vikao vya mabaraza ni vya wazi. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1997 inataka baraza likutane angalau mara moja kila miezi miwili, na mwananchi anaweza kwenda kukaa na kusikiliza. Mama yule angejua siku ya kikao angekwenda, au angemtuma diwani wake kuomba muda. Labda angekataliwa. Lakini angekuwa amesikilizwa, na jiko lake lingekuwa salama.

Sasa niseme jambo linaloniuma zaidi.

Mwaka 2017 kikosi cha jeshi kilipewa kazi ya kulinda uvuvi katika maziwa yetu. Tangu hapo kila baria, yaani mvuvi wa kwenye boti, hata yule asiyewahi kushika kalamu, anajua kwamba mputa (sangara) wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi, kwamba ngege (sato) wa chini ya sentimita 28 haruhusiwi, kwamba boti isiyofika futi 28 haiendi ziwani, na kwamba hariapu, ile njia ya haraka ya kuvua mukene, ilipigwa marufuku. Watoto wanaocheza kwenye mchanga wanavitaja vipimo hivyo. Walivijuaje? Waliambiwa kwa Kiswahili, mwaloni, na watu waliokuja wenyewe. Wengi waliambiwa boti zao zikiwa zinachomwa, na hilo lina machungu yake ambayo wabunge wamekwisha kuyapeleka bungeni. Lakini amri zilieleweka. Kwa hiyo hakuna kiongozi anayeweza kuniambia kwamba watu wa mwaloni hawafundishiki, au kwamba serikali haina mtu wa kuzungumza nao.

Waulizeni watoto hao hao, au baba zao, ushuru wa samaki unakwenda wapi. Kimya. Sheria hiyo ya 1997 inasema kwamba kwa wilaya za vijijini, gombolola hubaki na asilimia 65 ya mapato yanayokusanywa kwake, na wilaya huchukua asilimia 35. Katika fungu la gombolola, asilimia 25 inatakiwa irudi kwa LC1, yaani baraza la kijiji, kwa watu waliolipa. Mimi nimelijua hilo kwa kusoma mwenyewe. Sijawahi kusikia ofisa yeyote akilisema kwenye mwalo wetu kwa lugha yoyote. Mwenye boti hulipa leseni, mwenye gari la samaki hulipa kupakia, mama mwenye karai hulipa ushuru wa soko, na hakuna hata mmoja wao anayejua kwamba kijiji kinaruhusiwa kuuliza fungu lake liko wapi.

Waheshimiwa, serikali inayotukamata inasema lugha tunayoielewa. Serikali inayopanga bajeti, inayogawa dawa, inayokaribisha watu kwenye mkutano, inasema Kiingereza, tena kutoka mbali. Mtu aliyekulia katika hali hiyo ataionaje serikali? Akiona gari lenye namba za serikali, atakimbia. Nimewaona watu wakiwakimbia wahudumu wa afya waliokuja na chanjo ya watoto, kwa kuwa gari lilikuwa la kijani.

Na hapa ndipo afya inapoingia, nami nitakaa nayo kidogo kwa sababu ninaijua kwa karibu. Kichocho kinatumaliza polepole. Minyoo yake hutoka kwenye konokono wa majini na kuingia kwa ngozi ya mtu anayesimama ziwani, na sisi wote tunasimama ziwani: mvuvi anayesukuma boti, mama anayeosha mukene, mtoto anayechota maji. Tangu mwaka 2003 Uganda ina mpango wa taifa wa kugawa dawa ya prazikwanteli katika sehemu zenye kichocho, na ni mpango mzuri. Dawa ile, mtu akiimeza na njaa, humpa kichefuchefu na kizunguzungu. Akila kwanza, huivumilia vizuri zaidi. Maelezo ni mafupi hivyo. Lakini mwaloni kwetu dawa ilikuja asubuhi, mabaria wakiwa ndiyo wametoka majini na matumbo yao matupu. Wakameza, wakatapika, na mchana ule ule habari ikaenea kwamba serikali imeleta sumu. Awamu iliyofuata vijana walijificha kwenye mafunjo. Maneno mawili, "kuleni kwanza", yaliyosemwa siku moja kabla kwa lugha ya mwaloni, yangeokoa dawa nyingi na maini ya watu wengi.

Saa nayo ni sehemu ya lugha. Mukene huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti samaki, boti hukaa nchi kavu, na mabaria hushona nyavu, hunywa chai, hucheza draft, hubishana siasa. Mikutano yenu ya hadhara huitwa saa nne asubuhi siku yoyote inayowafaa maofisa, na mara nyingi ni wiki ya giza, wakati watu waliokesha ziwani wamelala kama magogo na wanawake wako juani wakigeuza mukene kabla mvua haijaja. Kisha ripoti huandikwa kwamba wakazi hawakujitokeza. Itisheni mkutano wakati wa mwezi mpevu, saa kumi jioni, uone kama utapata mahali pa kuweka kiti. Hili halihitaji shilingi. Linahitaji kalenda ya mwezi na mtu wa kumuuliza gabunga, mkuu wa wavuvi wa mwalo, siku gani boti zinapumzika.

Kuna ile mikutano ya hadhara iitwayo "baraza", ambayo Ofisi ya Waziri Mkuu iliianzisha mwaka 2009, maofisa waje mbele ya wananchi waeleze fedha za maji, barabara, afya, elimu na kilimo zimetumikaje. Ni moja ya fikra bora zilizowahi kutokea katika utawala wetu, na ningependa ifike kila mwalo. Kuna mikutano ya bajeti ambayo mabaraza huifanya Oktoba na Novemba kwa ajili ya mwaka wa fedha unaoanza tarehe 1 Julai. Huo ndio wakati wa kusema tunahitaji choo cha mwalo, au taa ya gatini, au mahali pa kukaushia samaki juu ya meza badala ya mchanga. Ukipita Novemba umekwisha kuchelewa, na sisi huwa tunaanza kudai choo mwezi wa Mei, kipindupindu kikishaingia. Tunadai kwa nguvu, tunapiga kelele, na karani anatujibu kwa haki kabisa kwamba bajeti imefungwa. Lakini ni nani aliyetuambia ilipokuwa wazi?

Mpango wa Maendeleo wa Muluka ulizinduliwa Kibuku tarehe 26 Februari 2022, na kila muluka ulipangiwa shilingi milioni 100 kwa mwaka, kaya ikipata mkopo wa milioni moja. Mwaloni fedha hizo zimezua maneno mengi, kwa sababu watu husikia habari zake kutoka kwa waliokwisha kupata. Orodha ya waliopata ibandikwe mahali wanapopita watu. Sina zaidi la kusema hapo.

Najua hoja mtakazonijibu, maana nimezisikia.

Ya kwanza ni historia. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na kwa wengi waliokuwa hai wakati ule Kiswahili kilikuwa sauti ya kizuizi cha barabarani na ya mtu anayegonga mlango usiku. Wazee wa Buganda na kwingineko wanaponiambia hawataki kukisikia, siwabishii. Maumivu yao ni ya kweli. Lakini naomba waone kwamba tukikiacha Kiswahili kibaki kwa wenye bunduki peke yao, tunaendeleza hali ile ile iliyowaumiza. Mpeni Kiswahili mhudumu wa afya. Mpeni karani anayesoma mapato. Mpeni diwani anayeomba radhi kwa barabara mbovu. Mtoto wa leo atakua akikijua kama lugha ya kuulizia haki yake.

Wengine wanaogopa kwamba Kiswahili kitafukuza Luganda, Lusoga, Kialuri au Lugungu. Sijaomba hivyo. Tangazo linaweza kuwa na lugha mbili au tatu kwenye karatasi moja, na mtangazaji wa kizindalo, kile kipaza sauti cha mtaani, anaweza kurudia mara mbili. Mzee wa Kisoga asome kwa Kisoga, na kijana aliyefika juzi kutoka Samia au Kongo asikie pia. Kinachofukuzwa ni ujinga wa kutojua kinachoendelea.

Kisha kuna sheria. Katiba yetu, tangu marekebisho ya mwaka 2005, inasema Kiswahili ni lugha rasmi ya pili, kitumike katika mazingira ambayo Bunge litayaweka kwa sheria. Wapo wanaosimama kwenye sehemu ya mwisho wakasema basi tusubiri. Kusubiri nini? Hakuna sheria inayomkataza karani kubandika tafsiri ya tangazo lake mwenyewe. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri lilikubali Kiswahili kiwe rasmi kwa mujibu wa uamuzi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki na kifundishwe kwa lazima shuleni. Ibara ya 41 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2005 inampa ofisa siku 21 kumjibu anayeomba. Habari niliyo na haki nayo, lakini nikaletewa kwa lugha nisiyoisoma, nimeipata kweli?

Hoja ya uraia huniudhi, lakini nitaijibu kwa heshima. Husemwa kwamba nusu ya watu wa mwaloni ni wageni, kwa hiyo wana nini cha kuambiwa. Ni kweli wengi wametoka Kenya, Tanzania na Kongo, na Kongo nayo iko katika Jumuiya yetu tangu mwaka 2022. Hawapigi kura, na sidai wapige. Lakini wanalipa ushuru ule ule, wanakunywa maji yale yale, na kipindupindu hakiombi kitambulisho. Mkimwacha mgeni gizani, ugonjwa utamtoka yeye uje kwa mwenyeji, na moto wa kibanda chake utaruka hadi cha mwenyeji. Na wageni hawa ndio hasa ambao Lusoga au Luganda pekee hauwafikii.

Ya fedha ndiyo nyepesi kuliko zote. Kila gombolola ina mwalimu wa Kiswahili, au kijana aliyesoma, au mwanamke kama mimi. Vituo vya redio za FM huipa serikali muda wa bure, na mara nyingi muda huo hutumika kwa hotuba ndefu za kisiasa. Robo yake ingetosha kwa habari za wiki za mji. Vizindalo viko karibu kila mwalo tayari, vikitangaza watoto waliopotea, simu zilizookotwa na bei ya tembe za maumivu. Wakati wa korona mwaka 2020 magari yalipita na vipaza sauti kila kona ya mji kuwaambia watu wakae ndani. Fedha zilipatikana, watu walipatikana, na lugha zilipatikana.

Nimekuwa nikizungumzia fedha na magonjwa, na sitaki ionekane kwamba tunataka habari za shida tu. Watu wa mwaloni wanapenda mji wao. Kuna mashindano ya mitumbwi, ligi za mpira za kata kwa kata, Siku ya Wanawake tarehe 8 Machi, sherehe za Uhuru tarehe 9 Oktoba, na kule Jinja maonyesho ya kilimo ya Julai ambayo tukiwa watoto tuliyangoja mwaka mzima. Mara ngapi tunasikia ngoma kutoka uwanja wa mji na kuulizana kuna nini leo? Wanawake wanaokaanga samaki wangeweza kuuza pale siku nzima. Vijana wetu wa kupiga kasia, ambao hakuna wa kuwashinda, wangeweza kushindana. Orodha ya sherehe za mji kwa miezi mitatu ijayo, ikisomwa kwenye kizindalo kila Jumamosi jioni, ingetufanya tujihesabu kuwa wakazi.

Kuna habari nyingine zinazotoka nje ya mabaraza yenu lakini zinapita kwenu. Wataalamu wa serikali wa hali ya hewa hutoa utabiri wa upepo na mawimbi kwa Ziwa Victoria. Wanaofunga na kufungua maji ya ziwa pale Jinja huamua kiasi gani kishuke Mto Naili, na yakifunguliwa mengi, watu wa Kyoga huyaona mlangoni. Nani anayepokea habari hizi wilayani, na kwa nini zinaishia kwenye simu yake? Mtu anayeingia ziwani saa moja usiku anahitaji kujua saa kumi jioni kama upepo wa kusini utakuja. Akiambiwa kesho yake, anaambiwa mjane wake. Nimekaa katika matanga mengi ya aina hiyo, na katika mengi tunasema ni mapenzi ya Mungu, nasi tunaamini hivyo, lakini Mungu ametupa pia vyombo vya kupimia upepo.

Wapo kati yenu wanaofanya vizuri. Namjua chifu mmoja wa muluka ambaye hubeba daftari lake mwenyewe mpaka kwenye banda la mizani, akasimama juu ya kreti, akasoma kwa Kiswahili kilichochanganyika na Luganda, watu wakamuuliza maswali mpaka jua likazama. Ushuru katika mwalo wake hulipwa bila kukimbizana. Hakupewa bajeti ya mawasiliano. Alipewa kreti na wachuuzi.

Mheshimiwa Waziri, ninachokuomba wewe ni waraka mmoja kwa wilaya na miji yote yenye maziwa: kila tangazo la umma linalohusu myalo litoke pia kwa Kiswahili, libandikwe mwaloni siku kadhaa kabla ya kikao, na kumbukumbu za kikao zioneshe kwamba lilibandikwa. Waheshimiwa mameya na wenyeviti hamhitaji kuungoja waraka huo. Mkutano wenu wa bajeti unakuja kabla mwaka haujaisha. Chagueni siku ya mwezi mpevu, mpatane na gabunga, mje nao mwaloni.

Na kama mnatafuta pa kuanzia, anzeni na karatasi moja tu: ushuru uliokusanywa katika mwalo wenu miezi mitatu iliyopita, uliobaki gombolola, uliokwenda wilayani, na uliorudi kwa LC1. Yeyote atakayeniletea hesabu hiyo nitaitafsiri bila malipo na kuisoma kwenye kizindalo siku hiyo hiyo. Mnipate banda la mizani, asubuhi baada ya saa tatu, boti zikishapakuliwa.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mchuuzi wa mukene,
Ziwa Victoria, Uganda